Uwanja wa Dereva Turubai

Mtu aliyeendesha lori tangu ujana wake hadi mvi zikaenea kidevuni, kisha akafa akiwa mtengenezaji wa uwanja wa gofu, hawezi kupita hivi hivi bila kusimuliwa. Mwenye haki ya kwanza ya kusimulia ni mkewe, mshona mapazia, lakini huyo si mwepesi wa maneno. Ukimbana sana atakwambia tu, "Nenda ukauangalie mwenyewe, upo." Kwa hiyo yasimuliwe hapa kwa niaba yake.

Mumewe aliitwa Turubai. Jina hilo walimpa madereva wenzake kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kufunga turubai la lori lake. Utingo akishamaliza kufunga, yeye anapanda juu ya shehena, anafungua kamba zote, anafunga upya huku ananung'unika. Na kwa kuwa sebule ya nyumbani kwake ilijaa majora ya vitambaa vya mkewe, majirani walikuwa na mzaha wao: nyumba ile haina kuta, kuna turubai na mapazia tu.

Alikuwa mtu wa kuondoka. Akirudi leo, keshokutwa lori lishapakiwa mzigo mwingine. Binti yao wa pekee alizaliwa baba yuko njiani, akaota meno baba yuko njiani, na siku ya harusi yake baba aliingia ukumbini na suti safi na viatu vya kazini vyenye grisi, maana hakuwa amepata muda wa kupita nyumbani. Watu walicheka. Binti hakucheka. Alimpa baba yake mkono kama anavyopewa mgeni wa heshima, akageukia wengine.

Kisha turubai lenyewe likamgeuka. Asubuhi moja, akiwa juu ya mzigo, kamba aliyokuwa anaivuta kwa uzito wake wote ikakatika, naye akaanguka chali hadi chini kwenye sakafu ya bohari. Uti wa mgongo uliumia vibaya. Daktari hakuzunguka: miguu haitafanya kazi tena. Walipomletea kiti cha magurudumu alikitazama juu mpaka chini, akakagua matairi, akasema, "Basi bado ni dereva. Gari ndilo limepungua."

Mkewe alicheka mbele yake. Jikoni alilia kimya kimya huku bomba la maji limefunguliwa.

Mkwe wao, kijana mpole anayetengeneza kompyuta maofisini, ndiye aliyemletea kompyuta iliyokwisha kutumika, ndani yake mna mchezo wa gofu.

"Gofu?" Turubai alishangaa. "Mwanangu, fimbo pekee niliyowahi kushika ni kile kijiti cha kupimia oili kwenye injini."

"Jaribu tu, baba. Utasogeza muda."

Alijaribu kwa kumstahi mkwe. Mpira ulikwenda majini, ukaenda mchangani, ukapotelea msituni. Alikuwa karibu kukata tamaa alipogundua sehemu nyingine ya mchezo ule. Mchezaji aliweza kutengeneza uwanja wake mwenyewe. Anapewa ardhi tambarare, tupu, halafu kwa kipanya anainua vilima, anachimba mabonde, anapitisha mito, anapanda mti mmoja mmoja. Akimaliza anauweka kwenye mtandao, na watu wa nchi yoyote wanaweza kuuchukua na kuucheza.

Hapo ndipo Turubai alipopata kazi mpya. Meza ya kompyuta iliwekwa ukutani upande mmoja wa sebule, cherehani ya mkewe upande wa pili, wakawa wanafanya kazi wamepeana migongo. Yeye hakubuni ardhi. Alikuwa ameitazama ardhi kupitia kioo cha lori kwa maisha yake yote, na sasa alianza kuirudisha kipande kwa kipande.

"Shimo hili la pili ni pale tulipopasua matairi," alikuwa anasema bila kugeuka. "Kulikuwa na mti mmoja tu, umeinama kama mtu aliyedondosha sarafu."

"Mmh," mkewe alijibu, pini zimejaa mdomoni.

"Hili refu ni ule mteremko ambao breki zilianza kunuka. Nilimwambia utingo asali. Akaniambia alishaanza tangu juu."

Pini zikamtoka mdomoni kwa kicheko.

Hivyo ndivyo alivyojua, baada ya miaka yote ile ya ndoa, mumewe alikuwa wapi. Alishona mapazia ya watu huku anasikiliza: chumvi nyeupe iliyotandaa hadi macho yanauma, shamba la alizeti ambako walisubiri vipuri, kijito walichovuka wakiwa wameshika pumzi. Uwanja wa gofu unatakiwa kuwa na mashimo kumi na nane. Kumi na saba yakapatikana. La mwisho likamshinda.

"Hilo umelifanya ukalifuta mara ngapi?" mkewe alimuuliza siku moja.

Turubai aliachia kipanya. "Nataka liwe hapa nyumbani. Lakini halikai. Mahali pengine pote nilipatazama, mke wangu. Hapa nilikuwa nafika tu. Macho yamechoka, nafikiria kuoga na kulala."

Hakuyasema kwa kulalama. Aliyasema kama fundi anayetaja kasoro ya mashine. Mkewe aliendelea kushona, ila pindo lile ilibidi baadaye alifumue, lilikwenda upande.

Mwanzo wa msimu wa baridi kifua kilimbana. Walidhani ni mafua. Alipopelekwa hospitali ilionekana mapafu yamejaa maji, na mwili uliokaa muda mrefu kitini haukuwa na nguvu za kupigana. Alifariki saa za kubadilishana zamu, muuguzi mmoja anavaa koti na mwingine analivua, mkewe amemshika mkono.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, binti na mumewe walikuja kumsaidia mama kupanga vitu. Mkwe akawasha kompyuta ili aisafishe. Mara akasimamisha mikono.

"Mama, kuna watu wanamtafuta baba."

Zilikuwa salamu, nyingi. Turubai alikuwa ameuonyesha uwanja wake kwa wachezaji wenzake mtandaoni hata kabla haujakamilika, nao walikuwa wanausubiri. *Turubai, kimya kingi, vipi? Turubai, lile la mwisho bado?* Aliyeandika mara nyingi kuliko wote alijiita Kinyozi, na kweli alikuwa kinyozi, katika mji wa mbali, mtu anayecheza gofu ya kompyuta wateja wakipungua.

Mjane alikaa kwenye kiti cha marehemu, ambacho hakuwahi kukikalia. "Mwandikie kwamba amefariki," alimwambia mkwe. "Na umwambie tunamshukuru kwa kumkumbuka."

Kinyozi alijibu kabla ya chai kupoa. Alitoa pole kwa maneno mazuri, kisha akaomba: kama familia itaridhia, yeye angelimalizia shimo lile moja, uwanja utolewe kwa heshima ya marehemu. Mjane akaridhia. Aliona ni wema, na ulikuwa wema kweli.

Baada ya siku chache mkwe alimfungulia kazi ya Kinyozi. Ilikuwa nzuri mno. Maporomoko ya maji yanashuka kutoka kwenye mwamba, maua ya zambarau kila upande, daraja la mbao, na shimo lenyewe juu ya kisiwa. Mkwe alipiga mluzi. Mjane alitazama muda mrefu mikono ikiwa mapajani.

"Zuri," alisema. "Lifute."

"Mama?"

"Hatujawahi kuwa na maporomoko sisi. Mwambie kijana wa watu asikasirike. Mimi nitalifanya."

Binti yake, aliyekuwa anakunja nguo za marehemu chumba cha pili, alitokeza mlangoni. "Mama, wewe gofu unaijua?"

"Hata baba yako hakuijua."

"Basi liache. Ni mchezo tu. Alikuwa hayupo nyumbani maisha yake yote, alipokaa ndipo akajifungia humo ndani ya kompyuta kurudi huko huko barabarani. Wewe hilo halikuumi?"

Mkwe akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Mjane hakumjibu kwa hasira. Alivuta kiti kingine, akakigonga kwa kiganja. "Njoo ukae. Wewe mkwe, tufungulie shimo la tisa."

La tisa lilikuwa mto mpana wa rangi ya udongo, na ng'ambo yake majani mafupi yenye bendera ndogo. Katikati ya mto zilisimama nguzo za daraja lililokatika. Mchezaji alitakiwa kuuvusha mpira juu ya maji yote yale kwa pigo moja. Hapakuwa na njia ya kuzunguka.

"Hapo ndipo alipokuwa siku uliyozaliwa," mama alisema. "Mafuriko yalichukua daraja. Habari alizipata kwa dereva aliyekuwa upande wa pili, wakipigiana kelele mto ukiwa katikati. Alisikia 'mtoto', hakusikia kama ni wa kike au wa kiume, wala kama mimi ni mzima. Alitaka kuogelea. Utingo wake alimshika mkanda."

Binti alitazama kioo. "Hakuwahi kuniambia."

"Mimi mwenyewe aliniambia akiwa amenipa mgongo, anasimamisha hizo nguzo."

Binti akashika kipanya. Mumewe alimwonyesha namna ya kupiga. Mpira wa kwanza ulizama. Wa pili ukazama. Aliendelea kupiga, mdomo umekazwa, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta, na hakuna aliyemwambia apumzike. Ulipovuka hatimaye ulidunda kando tu ya bendera, akakiachia kipanya na kujifunika uso kwa viganja. Mama yake alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Kuanzia siku hiyo mjane alijifunza. Kinyozi hakukasirika, alimpigia simu, akamwelekeza hatua kwa hatua, nyuma yake mashine ya kunyolea inanguruma na wateja wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mwanzoni kila alichogusa kiliharibika. Aliinua mlima badala ya tuta. Alipanda miti mtoni.

"Mama, usibonyeze kama unaua mende," Kinyozi alimwambia. "Polepole."

Kilichomsaidia ni kitambaa. Alianza kuiona ardhi ile kama jora lililotandazwa: ukivuta hapa, pale panajikunja, ukitaka mkunjo laini, usivute sehemu moja tu. Alipoielewa hivyo mikono ikatulia.

Alitengeneza anachokijua. Hakuwa na mahali pengine. Alisimama dirishani kwake, akatazama, akarudi kwenye kiti. Barabara ya changarawe inatokea nyuma ya ghala la zamani, inapinda kwa upole, inanyooka hadi uwanja ulio mbele ya nyumba. Pale kwenye kona ndipo lori lilipokuwa linatokeza, kwanza vumbi, kisha pua ya buluu. Alikuwa ameitazama kona ile akiwa na mimba, akiwa na mtoto mgongoni, akiwa na miwani. Alijua mahali maji yanapotuama mvua ikinyesha, na mahali majani yanapokauka kwanza. Mumewe alikuwa amekosa namna ya kupatengeneza kwa sababu alikuwa anapatazama kutokea njiani, amechoka. Yeye alipatengeneza kutokea ndani.

Alilifanya shimo lile pana, tambarare, bila maji, bila mchanga, bila mti wa kuzuia. Kinyozi alipoliona alizima mashine ya kunyolea ili asikike vizuri kwenye simu.

"Mama, watalalamika. Shimo la mwisho huwa gumu. Niongeze angalau mtego mmoja wa mchanga?"

"Watu hao watakuwa wametoka mbali?"

"Wametoka mbali sana. Mteremko ule umewatoa jasho, mto umewamalizia mipira."

"Basi waache waingie."

Uwanja ukatolewa mtandaoni kwa jina la Turubai. Kinyozi alitaka liandikwe pia jina la mjane. Alikataa, kisha binti akaliandika bila kumuuliza, nao wakanuniana nusu siku. Na kweli watu walilalamika. Mmoja aliandika kwamba mtengenezaji alichoka mwishoni. Mwingine akasema hajawahi kuona uwanja mkali hivi unaoishia kwa ulegevu hivi. Mkwe aliwasomea maneno hayo kwa aibu, akiogopa mama ataumia. Mama alikuwa anapima urefu wa pazia la ukumbi wa harusi, akamwomba ashike upande wa pili wa kitambaa.

Lakini wengi waliucheza. Mtu asiyejulikana, aliyesema ni nahodha wa meli aliyestaafu, aliandika kwamba kila anapofika shimo la mwisho hupiga mipira midogo midogo, kwa makusudi, asifike haraka. Mkwe alisoma hilo mara mbili. Mjane aliweka mkasi chini, akaenda jikoni, na bomba la maji halikusikika.

Kompyuta ingali sebuleni, imefunikwa kitambaa chenye nakshi kama ilivyo kwa kila kitu katika nyumba ile. Binti huja na mumewe siku za mapumziko, hucheza, hushindana, hugombana kuhusu pointi. Mjane naye hucheza kazi zikipungua, na ni mchezaji mbaya, hana haya kusema. Juzi tu mteja aliyekuja kuchukua mapazia yake alimkuta ameinamia kioo, mpira umezama mtoni kwa mara nyingine tena, anatukana kama dereva wa lori.

"Kaa kwanza," alimwambia mteja bila kugeuka. "Nikivuka hapa nakuja."