Sabuni Kwenye Dumu la Petroli

Kabla sijahamia ziwani nilikuwa mtu wa baiskeli. Kutoka mpakani Busia hadi kijijini kwetu Paya nilibeba madumu manne ya petroli, na mfukoni kipande cha sabuni ya kufulia. Dumu likitoboka, unalainisha sabuni kwa vidole, unaisindilia kwenye tundu, safari inaendelea. Petroli haiiwezi sabuni. Aliyegundua hivyo simjui. Serikali ingekuwa na akili ingempa medali, ingawa kwanza ingemuuliza leseni.

Nilipohamia huku mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa na kushusha samaki, nilikuja na sabuni yangu. Nawauzia wenye boti petroli ya injini. Mimi pia ndiye katibu wa kamati ya mwalo. Si kwamba nina akili kuliko wengine. Nilimaliza darasa la saba, na siku ya kuchagua katibu wenzangu wote walisema macho yanawauma.

Siku ninayoikumbuka alikuja afisa wa mazingira, mwanamke mpole mwenye faili nene. Alitaka maoni yetu. Mafuta yamepatikana chini ya lile ziwa la magharibi mwa nchi, na watu wanasema iko siku watakuja kutoboa hata letu. Je, serikali iwabane wachimbaji kwa sheria kali, au iwaache wafanye kazi?

Asubuhi hiyo nilikuwa nimevuka kutoka upande wa Kenya na madumu matano, ndani ya boti ya kijana mmoja Mkenya ambaye hunivusha kila wiki. Dumu moja lilikuwa na tundu dogo chini, nikalitia sabuni. Nikayaacha yote ndani ya boti, maana kikao kilikuwa kinaanza na tulikuwa tumeahidiwa soda.

Mvuvi mmoja mzee alianza. "Mimi naona kwa simu ya shemeji yangu. Huko baharini bomba linapasuka, samaki wanakufa, ndege wanakuwa weusi kama sufuria. Sheria ije, tena ije na fimbo."

Mwenyekiti akamjibu, "Sheria nyingi zinafukuza mwekezaji. Sisi tutakula sheria?"

"Wewe mwekezaji amekupa nini?"

"Atanipa. Bado hajafika."

Nikasimama. Huwa sina uhakika na maneno yangu, lakini siku hiyo yalitoka yenyewe. Nilisema sheria ikija, mwenye mtambo mkubwa atamwalika mkubwa mwenzake chakula, na atakayekamatwa ni mtu wa dumu. Nilisema hakuna anayemwaga mali yake makusudi. "Mtu anayajua mafuta yake. Acheni mtu ajichunge mwenyewe!"

Walipiga makofi. Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za kikao, basi maneno yangu nikayaandika yote. Kwa haki, niliandika na ya yule mzee, kwa herufi ndogo kidogo.

Kabla soda hazijafunguliwa, akaingia mama anayekausha mukene, wale samaki wadogo ambao ng'ambo wanawaita omena. Alikuwa na beseni kichwani. Akalitua mezani, juu ya faili la afisa.

"Nuseni."

Tukanusa. Ilikuwa kama kituo cha mafuta kimezaa samaki.

"Nilikuwa nawasuuza pale ufukweni," alisema. "Nikaona maji yana rangi kama shingo ya njiwa. Nikageuka, huyu hapa anachota maji ndani ya boti yake, anamwaga upande wangu!" Alimnyooshea kidole yule Mkenya, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja soda kama sisi.

"Injini yako inavuja," mwenyekiti alisema.

"Aki wazee, injini yangu iko fiti. Nilikuwa natoa maji tu. Hata mimi nilisikia harufu."

"Ulisikia harufu ukaendelea kumwaga?"

"Sasa ningeyanywa?"

Watu walicheka, ila kicheko hakikumsaidia. Mtu wa ng'ambo akikosea huku anakuwa amekosea mara mbili. Mwenyekiti akaamua: "Katibu, andika. Injini yake tunashika mwezi mmoja."

Nikaandika. Injini hiyo ndiyo shamba la yule kijana. Bila injini angerudi kwao kwa makasia, na huko angekula maneno ya mkewe. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikaenda kwenye boti.

Madumu manne yalikuwa mazito. La tano nililinyanyua kwa kidole. Tundu lilikuwa safi, limeoshwa, bado linanukia ndimu. Miaka yote nilijua petroli haiiwezi sabuni. Sikuwahi kukumbuka kwamba ndani ya boti dumu linakaa kwenye maji, na maji yanaiweza. Na mimi huoga kila siku, au karibu kila siku.

Ningependa kuandika kwamba sikufikiria kunyamaza. Nilifikiria, tena nilikaa. Nilijiambia injini inashikwa tu, haiuzwi. Nilijiambia mukene wanaweza kusuuzwa tena. Nilitazama hata ni wapi pana kina cha kuzamisha dumu.

Niliporudi afisa alitaka kumbukumbu zisomwe kabla hajaondoka. Nikasoma. Nilipofika kwenye "mtu ajichunge mwenyewe" nikasoma haraka. Nikafika kwenye injini, nikasimama.

"Mwenyekiti, hapa pana kosa."

"La herufi?"

"La mtu."

Nikaingiza lile dumu tupu nililokuwa nimelitoa botini na kuliacha nje ya mlango, nikaliweka karibu na beseni, nikaeleza habari ya sabuni. Mzee mvuvi alicheka mpaka akashika ukuta. Yule mama hakucheka.

"Na ni wewe umesema mtu ajichunge?"

"Ni mimi."

Afisa akaniuliza kwa upole, "Sasa maoni yako niyaandike upande gani?"

"Nibadilishie, mama."

"Asibadilishe!" mzee alisema. "Maneno yake yakae. Pembeni achore dumu."

Kijana akabaki na injini yake. Mimi nikaambiwa nimletee mama mukene wengine beseni zima, atakaowachagua mwenyewe. Na tukatunga sheria, sisi tuliokuwa tunazibishania za wengine: hakuna dumu litakaloingia botini kabla halijakaguliwa juu ya mchanga mkavu. Mkaguzi akachaguliwa yule Mkenya, kwa mikono yote. Wangu ulinyanyuka wa mwisho, lakini ulinyanyuka.

Safari iliyofuata alinisimamisha ufukweni upande wa kwao, kabla sijapakia. Aligeuza dumu la kwanza, akapapasa chini, akanusa, akangoja mchanga umwambie kitu. Polepole, kama daktari wa bure.

"Mzee, fungua hili."

"Si umeona limefungwa vizuri?"

"Fungua tu. Sheria ni sheria."

Nikafungua. Yule mama, aliyekuwa amevuka nasi kuuza mukene, alikuwa hatua chache kutoka pale na beseni lake, anatutazama.

"Na mfukoni kuna nini?" kijana aliuliza.

Nikatoa sabuni. Akainusa pande zote mbili, akampa mama. Mama akainama kwenye maji, akanawa nayo mikono hadi kwenye viwiko, bila haraka, kisha akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake.