Kimya cha Tumbo la Kaka Saidi

Nakumbuka mchana mmoja pale Temeke, enzi za Mwingereza, nilipomkuta kaka yangu Saidi ameacha kuchonga, ameinama, anagonga tumbo lake kwa kidole kama alivyozoea kugonga gogo la mpingo kusikiliza kama lina uwazi ndani. Jua la saa saba lilikuwa limewanyamazisha hata kuku. Akasema bila kuniangalia, "Zuhura, humu mna mtu kanyamaza. Mie namsikia anavyonyamaza." Nilicheka, mwanangu. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Saidi alikuwa ameharisha damu zaidi ya miaka kumi, akipata nafuu, akirudiwa. Miaka mitatu kabla ya mchana huo nilimpeleka hospitali. Daktari, Mhindi mpole, alimwingiza bomba la chuma kwa nyuma, akachungulia utumbo mkubwa, kisha akampa cheti cha kurudi. "Vidonda hivi vikinyamaza usidhani vimekwenda," alisema. "Utumbo ulioungua miaka mingi huweza kugeuka taratibu ukazaa saratani, na mwanzoni hauumi. Rudi kila mwaka nikutazame, hata ukijiona mzima."

Kila mwaka, na bomba lile! Saidi alitoka pale hataki kuonana na mtu. Tukaenda kwa fundi wa pepo. Fundi alimpunga siku saba, akampa mwiko mmoja: chuma kisiingie tena mwilini mwake, pepo asije akaudhika. Na kweli damu ikakoma. Saidi akala, akanenepa. Nami, msichana wa miaka kumi na saba niliyejiona nina akili kushinda hospitali nzima, nikakichukua kile cheti nikakishonea ndani ya godoro la sufi. Alipokiulizia nikamwambia kimeliwa na mchwa.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Mwaka wa tatu mkanda wa Saidi ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Paka aliyekuwa akilala miguuni pake akahamia jikoni, na hatukuweza kumrudisha. Kila mchana kaka aligonga, akasikiliza. Ikafika hatua nami nasimama jikoni, sufuria mkononi, nasikiliza, sijui nasikiliza nini. Niliogopa, mwanangu, na bado sikusema.

Aliyenigutua ni Bi Mwanahawa, mama mtu mzima wa nyumba ya pili. Alimwona Saidi uani, akanivuta kando.

"Kaka yako anakwisha huyu. Daktari alisemaje?"

Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. "Pepo mtunzieni mwiko wake mkitaka," alisema, "lakini aliyewaambia mrudi hospitali ni nani? Mficha maradhi kilio humfichua. Na wewe umeficha ya mwenzio."

Nikapasua godoro. Cheti kilikuwa kizima, hata wino haukufifia. Nikakishika, nikampeleka Saidi hospitali. Daktari alipomaliza kumtazama Saidi alinawa mikono muda mrefu mno. Saratani ilikuwa imeanza kuziba utumbo na imefika kwenye ini. Angerudi mapema, alisema, pengine ile sehemu iliyoanza kugeuka ingekatwa. Saidi alikitazama cheti mkononi mwangu, uzi wangu wa buluu ukining'inia pembeni. Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu wa kukuzaa, mwenye maradhi yale yale ya mjomba wako, kwa sababu jana mkeo kanieleza: damu yako imekoma miaka miwili, na siku ya kupimwa umeiacha ikapita. Unasema umepona. Sikiliza. Si kila mwenye vidonda vya utumbo hupata saratani. Wengi huzeeka navyo. Lakini wewe umeugua miaka mingi, na ugonjwa kunyamaza si ruhusa ya kuacha kuutazama. Dawa unazopewa usiziache kwa kujiona mzima. Kamuulize daktari urudi lini, na siku hiyo urudi, nami nitakusindikiza hata kwa mkongojo. Aibu ya bomba ni ya muda mfupi. Yangu mimi nimekaa nayo umri wote.

Nenda kesho. Mungu akulinde ndani na nje, akuponye usichokiona, na akujaalie uje unizike wewe, nisikuzike mimi.