Miiba ya Kisima cha Mchangani

Mwanangu, mimi si mzee wa kutoa nasaha, na mbele za watu maneno hunikauka. Ndiyo maana nakuandikia, polepole. Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa Ulemo, kabla hujazaliwa, mwenyekiti wa kijiji alipokuja kumwona baba yangu.

Mkutano ulikuwa umepitisha mpango: mto upewe nafasi yake. Kingo zipandwe matete, na kila aliyechimba kisima kwenye mchanga wa mto aondoe uzio wake wa miiba kabla ya mvua. Baba alikuwa ameziba karibu mto wote kwa miiba, ng'ombe wa watu wasichafue maji ya kisima chake. Na nyumba ya bibi, mama yake, ilikuwa palepale ukingoni.

"Mto gani, mwenyekiti?" Baba alicheka. "Huu mchanga? Watoto wanachezea mpira humu!"

Bibi alikuwa akipepeta uwele. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, mto mkavu haujafa, umelala. Ukiamka ukakuta mlango umefungwa, utapita kwangu. Au umechoka kuwa na mama?"

Mwenyekiti alitazama pembeni asicheke. Baba alichukua panga na kamba, nami nikamfuata. Tulivuta ile miiba mpaka zizini, huko juu, naye akinung'unika njia nzima kwamba kuirudisha tena ni kazi ya punda.

Kiangazi kilipoisha, mvua ilikuja mchana mmoja, ghafla. Bibi hakuweza kukimbia, kwa hiyo Baba alimbeba mgongoni hadi zizini. Tukasimama pale tukitazama. Maji mekundu yalishuka yakivuma na magogo, yakapanda, yakalamba ukingo chini ya ukuta wa Bibi. Mwanangu, hakuna aliyepumua. Kisha yakafuata mkondo wake, yakapita.

"Nishushe basi," Bibi akasema, "nimeacha mlenda jikoni."

Baba alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Hata majivu ya jikoni tuliyakuta makavu.

Maji hufuata mkondo, mwanangu. Usiuzibe kwa sababu umeuona mkavu. Kiangazi kikielekea mwisho, vuta miiba yako kwanza, ndipo umkumbushe jirani. Matete ya ukingoni usiyakate. Na kijiji kikipanga jambo la mto, nenda mkutanoni, hata kama utakaa nyuma kama mimi.

Mungu akupe mvua ya kutosha, na mto upite ukuache umelala pakavu.