Sauti ya Shangazi Mejumaa

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata leo ninaposahau kama mboga nimeshaitia chumvi. Nilisimama mbele ya wanawake wa Msambweni ukumbi mzima, nikaomba msamaha kwa machozi, nao wakacheka. Wakacheka mpaka mmoja akajishika ubavu. Ngoja nikueleze, na usinikatize, maana nyie wa siku hizi mtu hajameza mate mshamuuliza "kisha?"

Mimi nilikuwa dobi. Nilifua mashuka hotelini Diani. Shule niliachia darasa la tatu, na mpaka leo nasoma kwa kidole. Lakini ulimi nilikuwa nao. Wakati wa chakula cha wafanyakazi nilimwiga meneja, nikamwiga mgeni aliyeungua na jua akishuka ngazi, na wapishi wakaacha vijiko. Basi wakaja watu wa televisheni kupiga kipindi cha kuchekesha katika nyumba moja ya kupanga, karibu na hoteli, wakanisikia. Mwenye kipindi alikuwa bwana wa bara, mwembamba, amevaa koti kwenye joto lile. Kwa nini, sijui, sikuwahi kumuuliza. Akaniambia, "Mama, wewe ni moto. Kuja kesho." Nikaenda. Maneno walinisomea, nikayashika kwa kichwa.

Wakanifanya Mama Zogo, jirani mjuaji anayeingilia ndoa za watu. Nguo walinipa wao. Sauti nikaambiwa nitafute mwenyewe, na sikwenda mbali. Nilichukua ya shangazi yangu Mejumaa, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Shangazi alikuwa na namna yake. Akitaka kusema jambo zito alivuta kanga bega la kushoto, akavuta la kulia, akakohoa kidogo, akasema, "Nina neno. Si refu." Kisha linakuwa refu, wallahi, mpaka chai inapoa. Lakini watu walisikiliza. Ndoa yoyote iliyotingishika, kutoka Msambweni mpaka Kinondo, aliitwa yeye. Wanaume waliokuwa wakipigiana kelele walinyamaza akikohoa tu. Hakuwa na shamba la maana wala mume hai. Alikuwa na neno lake, na heshima yake yote ilikuwa hapo.

Nami nilichukua kila kitu. Kanga, kikohozi, "Nina neno, si refu." Ati nilidhani namtukuza! Ujinga wa namna hiyo hata kwenye duka la jumla huupati. Na sitakuficha, ilikuwa tamu. Nikipita Ukunda wauza nazi walinikoholea, makondakta wakanivutia kanga za hewani, nami nikajiona mtu. Shangazi hakuwa na televisheni. Aliniuliza mara moja tu:

"Waigiza nani huko?"

"Mwanamke wa mtaani tu, shangazi."

"Haya. Mungu akufungulie."

Sasa binti wa jirani yetu akarudishwa kwao na mumewe, mtoto mchanga mgongoni, kwa ugomvi wake na mama mkwe. Shangazi akaenda Kinondo kumsemea. Mimi sikuwapo, nilikuwa Diani napakwa poda. Mama wa yule binti ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia akiwa amesimama, amekataa kiti changu.

Anasema watu walikaa, dua ikasomwa, shangazi akavuta kanga. Kukavuma mnong'ono. Akakohoa. Kijana mmoja wa upande wa mume akadakia, "Si refu!" Basi nyumba nzima ikalipuka. Wazee walificha nyuso kwa kofia zao. Mama mkwe mwenyewe alitoka nje akashika ukuta. Na shangazi, mwanangu, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyewachekesha. Akadhani yuko mtu nyuma yake. Mpaka mwanamke mmoja alipomwambia kwa upole, "Bibi, tuwie radhi. Wafanana mno na Mama Zogo wa televisheni." Kikao kikavunjika. Binti akarudi kwao na mtoto wake vile vile.

Nikaenda kwa shangazi. "Shikamoo, shangazi." Akaitikia marahaba, hakuinua uso kwenye mchele aliokuwa akichagua. Nikamwambia nitalitengeneza jambo hili. Nitasema mbele za watu. Akasema, "Kaseme."

Ndipo ikaja siku ile niliyoanza nayo. Kulikuwa na hina ya bibi harusi, wanawake wamejaa. Nikasimama. Nikasema, jamani, ile sauti si yangu, ni ya shangazi yangu, nimeichukua bila kumuuliza, nawaomba mumrudishie heshima yake. Machozi yananitoka. Mmoja akapiga makofi. "Huyooo! Mama Zogo leo katuletea kilio!" Nikasema, "Sichezi!" Wakazidi. "Sichezi, asema! Hebu rudia, somo!" Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka, mpaka bibi harusi akaambiwa atulie, hina isiharibike. Mmoja tu hakucheka.

Tulipotoka, shangazi akaniambia, "Umeonja?"

"Nimeonja, shangazi."

"Basi na mimi Kinondo nilionja hiyo hiyo. Wewe lakini umecheza mwenyewe. Mimi sikucheza." Akatembea kidogo. "Kazi sikukatazi. Ungekuja ukanikalia hapa ukasema, shangazi, nataka sauti yako nikawachekeshe watu. Huenda ningekupa. Nami napenda kucheka, wewe wajua. Hukuja kwa sababu ulijua nitauliza utaitumia wapi."

Alisema kweli. Nilijua.

Nikamwendea mwenye kipindi, nikamwambia Mama Zogo abadilishe sauti. Akaniona nimerogwa. Watu wanaipenda, anasema. Nikaacha kazi ya televisheni. Wiki tatu nzima nilijiona shujaa, nafua mashuka yangu kichwa juu. Kisha siku moja napita dukani, televisheni imewashwa, namwona mwanamke mwingine kabisa, mtu ambaye hajapata kukanyaga Msambweni, anavuta kanga kushoto, kulia, anakohoa: "Nina neno. Si refu." Ameniiga mimi niliyemwiga shangazi. Ningemdai nani? Nilisimama pale na mkate wangu mkononi kama mti.

Shangazi hakusimama tena kikaoni. Akiitwa, alimpeleka binamu yangu Mwanasha, mtu mwenye sauti kama maji ya uvuguvugu, na kumkaririsha maneno. Yule binti alirudi kwa mumewe kwa njia hiyo, lakini mtoto alikuwa keshaanza kutembea. Maneno yalikuwa yale yale, yakachukua mwaka.

Sasa nikitazama simu zenu nachoka, mwanangu, nachoka kwelikweli. Mzee kasinzia msikitini, mnampiga video. Mama wa watu anamgombeza mbuzi wake, mnampiga video, mnatia na muziki. Mkiulizwa, "Ni utani tu, bibi." Utani na nani? Yeye hamkumwambia! Nawasema kila siku, mnaitikia "sawa bibi" huku mkinirekodi na mimi.

Basi wewe unayetaka kuchekesha watu, nasema waziwazi. Chekesha. Ni kazi ya halali na watu wana dhiki zao. Lakini anza na nafsi yako, ina vichekesho vya kutosha, na yako hakuna wa kukudai. Ukitaka cha mwenzio, nenda kaketi naye umwombe, na umwambie utakipeleka wapi. Akikataa, kiache. Na ukiona unaogopa kumwambia, basi jibu umeshalipata, usijitie hamnazo. Maana kikishatoka mikononi mwako, hata ukilia hadharani hakirudi.

Mola akubariki katika kipaji chako, akupe na haya ya kukiongoza. Awape afya wote watakaocheka nawe. Na siku utakapokuwa na neno zito la kumwokoa mtu, akujaalie ukute watu wamenyamaza wakusikilize. Amin.