Tandiko Nililolijaza Sufu

Mwenye farasi alilibwaga tandiko juu ya meza yangu kana kwamba ndilo lililomkosea. Nina kibanda mjini Nakuru ambapo nashona ngozi: viatu, mikoba, viti vya magari, na mara mojamoja tandiko. Yeye anakaa Milimani, na farasi wake yuko shambani, upande wa Elburgon.

"Fundi, kaza hii mikanda ya tumbo. Hiyo farasi imekuwa na madharau. Jumapili imeangusha msichana wangu, kidogo avunjike mkono. Na yule mzee anaenda home mwisho wa mwezi."

Yule mzee ni saisi wake, mtu aliyetunza farasi tangu ujana. Nikauliza amekosa nini.

"Farasi imeharibikia kwa mikono yake. Siku hizi ikiona tandiko tu, inataka kuuma mtu."

Nilikasirika. Mtu anaonana na mnyama wake Jumapili kwa Jumapili, halafu kosa likitokea linamwangukia anayeshinda naye kutwa. Mnyonge hana haki, na kwetu hata maelezo yake hayaombwi. Nikamwambia sishoni chochote mpaka nimwone huyo farasi.

Jumamosi nikaenda nalo. Saisi alinipokea kwa upole, akamtoa farasi, akanionyesha mgongo. Pale panapoinuka juu ya mabega palikuwa na madoa ya manyoya meupe, moja kila upande. Nikadhani amezaliwa nayo.

"Hapana, mathe. Hiyo ni tandiko. Mahali inafinya sana, nywele inamea nyeupe."

Akalitandika bila blanketi na kunifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, wala hakunidharau. Ndani ya ngozi kuna kiunzi cha mbao, na upana wa kiunzi hicho ndio unaoamua tandiko litamfaa farasi yupi. Chini yake kuna mito miwili ya sufu inayolala pande mbili za uti wa mgongo, na kati ya mito hiyo kuna mfereji, ili uti usiguswe na chochote. Ukisimama nyuma ya farasi unapaswa kuona mwanga ukipenya mfereji ule mpaka mbele. Pale juu ya mabega vidole viwili au vitatu vipite. Na kiganja kiteremke kati ya mto na bega bila kukwama.

"Haya, weka mkono."

Nikaingiza mkono, ukakwama kwenye vifundo vya vidole. Farasi alilaza masikio nyuma, ngozi ikamtetemeka, nami nikauchomoa mkono kwa maumivu. Mtoto wa watu ameanguka kwa sababu mnyama anabanwa mpaka mfupani, na anayefukuzwa ni mzee huyu! Nikainama niitazame ile mito, migumu kama gunia la mahindi, nikitaka kuuliza ni mjinga gani aliyeijaza namna ile.

Sikuuliza. Uzi mweupe ulioifunga ulikuwa wangu.

Miezi sita nyuma tandiko hilo lililetwa kwangu, mwenyewe akilalamika kwamba linacheza. Marehemu baba yangu alishona viti vya mabehewa ya reli, na somo lake kubwa lilikuwa moja: kiti kikibonyea, jaza. Basi nikajaza, na likishaondoka nikalisahau. Nilimfikiria anayekaa juu. Aliye chini hakunijia akilini hata kidogo.

"Si nilikutumia karatasi, mathe?" saisi aliniambia, bila kupandisha sauti. "Niliweka chini ya tandiko. Nilipima mgongo na waya."

Alinitumia kweli. Kilikuwa kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo la mgongo wa farasi, kimeandikwa kwa kalamu: *Mgongo ni hivi. Mbao ya tandiko ni nyembamba. Usijaze, itamfinya.* Niliyasoma maneno yote. Nikasema moyoni, tangu lini mchunga farasi akamfundisha fundi kazi? Kisha nikaigeuza ile kadibodi nikachanganyia gundi juu yake.

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kunguni nilihesabiwa, nikaandikiwa, na bado nikajifanya mjuzi.

Nilimpigia mwenye farasi pale pale, mzee akisikia. Nikamwambia mito niliijaza mimi, saisi alinionya nikapuuza, na tandiko lenyewe ni jembamba kwa farasi yule, kwa hiyo kukaza mikanda ni kumtesa zaidi.

Akauliza, "Na mbona huyo mzee hakuniambia?"

Nilimtazama saisi. Akainua vidole vitatu.

"Alikuambia mara tatu, boss."

"Sawa basi. Abaki."

Akakata simu. Hakuomba nimpe mzee simu amwambie pole, na kwa hilo bado nina kinyongo naye. Nikaisema mimi. Nikamwambia na habari ya gundi pia, maana nilishaona aibu ya kutosha na kukiri nusu kusingenisaidia.

Mzee alichukua waya wake, akaulaza juu ya mabega ya farasi, akaukunja taratibu mpaka ukashika umbo. Akauchora kwenye kadibodi mpya, ya kutafutia tandiko pana, akaikata kwa kisu na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii," akasema, "usiweke gundi."