Nilibandika kitambaa cha kijani cha kughushi kwenye filamu yangu, mama mkwe akiwa benchi la mbele

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Ninachoandika kinanihusu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama kuna mtu wa Masasi au Newala ataitambua hii stori, namuomba avumilie kwanza nimalize. Nimekaa nayo rohoni mpaka imenichosha.

Niko Masasi, upande wa Mkomaindo. Kazi yangu ni kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye memory kadi, na muda unaobaki natengeneza filamu zangu mwenyewe kwa simu. Vichekesho, mikasa ya ndoa, visa vya msimu wa korosho. Naedit kwenye laptop iliyovunjika bawaba, nauza kwa kadi, na mabanda ya video ya huku mpaka Newala yanazionyesha. Najulikana kidogo.

Tatizo langu ni wivu. Nalitaja mapema ili tusizungushane.

Kuna mama mmoja, tumwite Mama Swaumu, fundi cherehani wa Mkunya kule Newala. Kanizidi umri, na ndiye aliyekuwa akiniigizia mashangazi wakali na mama wenye nyumba. Siku moja tukiwa tunarekodi kwao, banda la jirani likawa limezua ugomvi, limeonyesha filamu ya aibu huku watoto wamejaa. Wazazi walitaka mabanda yote yafungwe.

Mimi nikasema kwa utani, chai mkononi, kwamba sisi watu wa huku tunajua vizuri kabisa nani asikie nini na nani akae na nani, sasa kwa nini tusiweke alama zetu wenyewe kwenye filamu? Utaratibu rasmi wa kukagua filamu upo na siupingi, ila kwa mtu mwenye simu moja na nauli ya kuungaunga, safari na gharama zake ni mzigo.

Nikacheka, nikaendelea na chai yangu. Mama Swaumu hakucheka.

Mwezi haukuisha, akaanza. Alichukua vipande vya vitambaa vinavyobaki chini ya cherehani, akawa anabandika kwenye pakiti ya kadi, na mwanzo wa filamu inawekwa picha ya kitambaa hichohicho.

Kijani, aangalie yeyote, hata ukiwa na mkweo pembeni.

Njano, aliyekwisha toka jandoni au unyagoni.

Nyekundu, watu wazima, na usithubutu kukaa na mkwe wala mzazi wako.

Wakaguzi walikuwa wanne: yeye mwenyewe, ustadhi wa madrasa, mwalimu mstaafu ambaye ni mzee wa kanisa, na bibi mmoja kungwi, yaani anayefunda wasichana unyagoni. Wanakaa uani kwa Mama Swaumu, wanatazama, wanabishana, wanakubaliana. Na malipo? Kilo moja ya sukari na pakiti ya majani ya chai, maana wanakunywa wakati wa kukagua. Basi.

Wakuu, jambo likapokelewa balaa. Wenye mabanda wakaanza kukataa filamu isiyo na kitambaa. Akina mama waliokuwa wanawafungia watoto ndani wakawa wanawaruhusu. Kila kona ni Mama Swaumu ana akili, Mama Swaumu katuokoa. Wakamwita mpaka redioni. Siku hiyo mteja alikuja na kiredio chake, sauti ya yule mama ikasikika, nikakizima. Redio ya mteja, wakuu! Akanishangaa, nikamwambia inaingilia umeme wa laptop.

Hakuna aliyesema wazo ni la Baba Nasra, yaani mimi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu, Mama Nasra, naye anamsifia. Sikula. Nilisingizia tumbo.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Nilikuwa na filamu niliyoihangaikia tangu watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho mpaka korosho zikaanza kudondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa tumaini langu kwa mama mkwe. Mama mkwe wangu anaishi Newala, na tangu nimeoa hajawahi kuamini kwamba nina kazi. Kwake yeye mimi nachezea simu. Mke wangu alikuwa amembembeleza aje Iddi pili, mchana, kwenye banda la jirani yake, na akakubali kuja na dada zake na wajukuu. Nilitaka kitu kimoja tu, yule mama aseme mkwe wangu ana kazi.

Ila mwenye banda akataka kitambaa.

Nipande mpaka Mkunya na sukari mkononi, nikae uani kwa Mama Swaumu nisubiri anipimie kazi yangu? Kwa wazo langu mwenyewe? Thubutu. Nikaenda kwa fundi mwingine hapahapa Masasi, nikaomba vipande vya kijani, nikakata, nikabandika. Roho haikunisuta hata kidogo. Filamu haina busu wala tusi, kijani ni kijani tu.

Iddi pili banda likajaa. Mama mkwe yuko benchi la mbele na dada zake. Mimi nimejibanza nyuma mlangoni, kama heshima inavyotaka. Watu wanacheka panapostahili. Mama mkwe mwenyewe nikaona mabega yanatikisika, na mimi nikaanza kujiona mtu.

Ikafika sehemu ya bibi anayemenya mihogo peke yake. Hapo nilikuwa nimeweka wimbo. Wimbo huo niliurekodi miezi ya nyuma nikipita na pikipiki karibu na Newala. Wanawake walikuwa nyuma ya uzio wa nyasi na wali wao, wale wasichana wanaofundwa, wanaimba na ngoma inapiga vizuri ajabu. Mimi ni Myao, Kimakonde changu ni cha kununulia muhogo. Nilisikia utamu tu, nikatoa simu.

Wanawake wa mbele wakaacha kucheka. Wakatazamana. Mama mkwe akavuta kanga akajifunika uso wote, akanyanyuka. Dada zake wakamfuata, halafu akina mama wengine, wanakokota watoto.

Mimi mjinga nikadhani wameguswa na yule bibi wa mihogo.

Mke wangu ndiye aliyenifungua macho. Zile ni nyimbo za ndani za unyago, mwanaume hazisikii, na mama mkwe kukaa nazo chumba kimoja na mkwe wake ni aibu ambayo hata hakujua aanzie wapi kuieleza. Nikamuuliza, kwani zinasema nini? Mpaka leo hajanitafsiria.

Na hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Lawama haikuja kwangu. Wote waliona kitambaa cha kijani, kwa hiyo wakamgeukia Mama Swaumu. Mama mkwe alimwambia binti yake kama kijani nacho kinadanganya, basi hawaamini tena wale wa Mkunya. Yule bibi kungwi ndiye aliyeumia zaidi. Wenzake walimnunia, wakasema ameuza siri za wanawake kwa kilo ya sukari. Akajitoa kwenye ukaguzi, akawa hatoki nje. Mabanda mawili yakaacha vitambaa.

Nilifurahi, wakuu. Siwafichi. Siku mbili nilikula vizuri.

Siku ya tatu Mama Swaumu akapiga simu. Hakunituhumu. Alisema anadhani mmoja wa wakaguzi wake ametoa kitambaa kwa siri, akaniomba nipeleke hiyo filamu na kitambaa chake ili ajue ni nani, amsafishe yule bibi. Nikapanda. Nilinunua na sukari, sijui kwa nini.

Shikamoo, marahaba baba, karibu kiti. Akafungua daftari la ukaguzi atafute filamu yangu iliandikwa siku gani. Akaanza kulipekua tangu mwanzo, na ukurasa wa kwanza nikausoma nikiwa nimekaa hapohapo pembeni yake. Kwa mwandiko wake wa kukwaruza ilikuwa imeandikwa: *Wazo la Baba Nasra wa Masasi. Akipata nafasi akae na sisi, yeye anajua picha.*

Nikauliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema alinitumia salamu mara tatu kwa watu, na redioni alinitaja mwishoni kabisa.

Mwishoni, wakuu. Baada ya mimi kuzima.

Nikamwambia kitambaa nilikikata mwenyewe. Akawa anapanga vipande vyake kwenye kikapu. Kisha akasema, "Usinieleze mimi. Kamweleze bibi, halafu kamweleze mama mkwe wako."

Kwa bibi nilienda siku hiyohiyo. Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Kwa mama mkwe nilienda na mshenga wangu, kuku na doti ya kanga, nikakiri mbele ya dada zake wote na mwenye banda, kwamba kitambaa ni cha kughushi na bibi hana kosa.

Mama mkwe hakunitazama. Alimgeukia mshenga akasema, "Mwambie kumbe kazi anayo. Kilichomshinda ni kuuliza."

Ndiyo maneno niliyoyataka tangu nimeoa. Yalivyokuja hivyo sikujua nishukuru au nilie.

Wimbo niliufuta, kwenye simu na kwenye laptop. Filamu ikakaguliwa kwa mara ya kwanza, bibi akiwepo, amerudi kwa shingo upande, ikapata kijani cha kweli. Na mimi sasa nimo kwenye ukaguzi, mtu wa tano.

Mngedhani wivu umeisha. Wiki iliyopita dada mmoja wa Chidya ametuletea filamu yake ya kwanza, kapiga kwa simu mbovu kuliko yangu. Nzuri, wakuu. Nzuri kuliko zangu zote. Wenzangu wote walisema kijani, wakabaki wananisubiri mimi, na nilitafuta kosa kwenye ile filamu mpaka chai yangu ikapoa. Nilitamani angalau njano. Bibi kungwi akawa ananiangalia tu.

Nikasema kijani. Lakini kutamka nilichelewa, na yule dada, aliyekuwa amekaa hapohapo uani, aliona.

Nilichojifunza ni kwamba kutengeneza alama za bei nafuu ni rahisi, vitambaa na sukari vinatosha. Kazi ni kwa anayezitoa. Kama na nyie mnatengeneza content zenu huko mliko, semeni mnajipangiaje nani aone nini. Na kama kuna mtu aliyewahi kuuzima huu moto wa roho, aniambie aliuzimaje, maana Jumamosi tunakagua tena na yule dada wa Chidya ana filamu ya pili.