Kofia Yangu Ilibaki Kinole, Mimi Nikiwa Antalya

Nianze na sababu, maana watu wa Morogoro wameshasema mengi. Mimi shule niliishia darasa la nne. Ndizi nilizibeba kichwani kutoka Kinole, kijijini kwetu mlimani, nikiwa sina hata kandambili, na leo nina malori mawili, machungwa yangu yanaliwa mpaka Dar es Salaam. Siku moja mteja wangu mmoja wa kule Mazimbu, msomi, akanionyesha kwenye simu picha za pwani ya Uturuki, mji unaitwa Antalya. Bahari buluu, na nyuma yake milima ina theluji. Akasema, "Huku si kwa kila mtu, bwana." Mimi ukiniambia hivyo umeshanikatia tiketi. Wiki ileile nilikwenda kwa wakala nikalipia watu wawili, mimi na mke wangu Mama Rukia.

Tarehe sikumuuliza mtu. Nilipopanda Kinole kumpa habari dada yangu Zuhura, nilimkuta barazani anamenya mihogo.

"Kaka, Jumamosi hiyo ndiyo harusi ya Mwanahawa," akasema. "Wenzetu wameshagawa kadi."

"Wagawe nyingine. Bila mimi mtaanzaje?"

Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yake ataozesha kwa dini, sawa, lakini kabla bibi harusi hajatoka, mjomba husimama mbele ya wageni akaulizwa mara tatu, "Huyu mtoto ni wa nani?" Naye hujibu, "Ni wangu. Nawapa mkamtunze." Mwanahawa ni mtoto pekee wa dada yangu pekee. Mjomba ni mimi, hakuna mwingine.

Zuhura hakubishana. Akachukua muhogo mwingine. "Haya kaka, safari njema."

Nyumbani nako Mama Rukia akanigomea. "Baba Rukia, yule mtoto nimemwogesha angali mchanga. Uturuki haihami."

Hapo mtu mwenye akili angeghairi. Mimi nilikuwa nimeshatangaza soko zima. Nikapata mbinu, nikaiona kubwa: nikampa mke wangu kofia yangu ya vito, ile ya Idi iliyotariziwa kwa mkono. "Iwekeni kwenye kiti cha mjomba. Wakiuliza, nipigieni kwa picha, nitajibu kutoka huko huko. Watakumbuka harusi hiyo!"

Jumatano asubuhi, stesheni ya Morogoro. Nilipanda treni ya umeme, begi jipya, suti. Tulipopita Kingolwira niligeuka kuitazama Uluguru, wingu limeifunika mpaka kiunoni. Nikampigia Mama Rukia aone nilivyokaa dirishani. Hakupokea. Baadaye akaandika kwamba walikuwa wanapepeta mchele.

Alhamisi mchana, Antalya. Tulibadilisha ndege Istanbul, na nisikudanganye, uwanja ule ni mkubwa, nilitembea mpaka viatu vikanibana. Lakini nilifika bila kumwuliza mtu njia zaidi ya mara sita. Hoteli iko juu ya bahari. Chumbani kitanda kipana, na juu yake taulo mbili zimekunjwa mfano wa bata maji wawili, wamegusanisha midomo. Kandambili jozi mbili. Vikombe viwili. Binti wa mapokezi alisema neno kwenye simu yake, simu ikatafsiri: mama anafika lini?

"Kesho," nikajibu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Bata wale niliwaweka kwenye kiti vilevile walivyo, sikuwakunjua, nikajifutia shuka.

Ijumaa, mji wa zamani. Anayetaka kwenda huko aanzie hapa. Vichochoro vya mawe, nyumba za mbao zimetokeza ghorofani, na chini kabisa bandari ndogo. Nje kidogo ya mji kuna maporomoko yanayomwagika moja kwa moja baharini, maji ya mto yanaruka genge kama yamesukumwa. Msikitini nilisali Ijumaa bega kwa bega na watu nisiojua hata majina yao. Tulipeana salamu, kila mtu akaenda kwake.

Kilichonishangaza ni michungwa. Imepandwa barabarani kama miti ya kivuli, machungwa yameiva, mengine yameanguka, na hakuna anayeokota! Nikasema hawa watu hawajui biashara. Mimi chungwa nalijua kwa ganda tu, sihitaji kulipasua. Nikaokota moja, nikamenya, nikatia mdomoni. Uchungu wake ulinifunga taya. Mzee mmoja mwenye kibanda cha chai, jina lake Mustafa, alicheka mpaka akashika meza. Akaniita nikae. Tukaongea kwa simu yake, neno linakwenda, linarudi. Akaniambia yale ni ya kutengenezea jamu, hayaliwi hivihivi.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Peke yangu."

Akanimiminia gilasi ya pili kabla sijamaliza ya kwanza.

Jumamosi, siku yenyewe. Saa za huko na zetu ni zilezile, kwa hiyo nilijua kila kitu kinachotendeka Kinole. Saa nne wanapika. Saa sita wageni wanapanda mlima. Saa nane nikavaa kanzu, nikakaa barazani mwa chumba, bahari mgongoni ili ionekane vizuri, simu mkononi. Saa nane na nusu, kimya. Saa tisa nikapiga mwenyewe.

Mama Rukia akapokea. Aliigeuza simu tu nione. Kiti cha mjomba kilikuwa na mtu. Alikuwa Mzee Kibwana, mtani wa ukoo wetu, na kofia yangu ya vito kichwani.

Mluguru yeyote anajua, na mimi najua tangu mtoto: kitu cha ukoo ukikiacha bila mtu mbele ya watani, watani watakichukua, na hukasiriki. Mimi nilikuwa nimeacha kiti, nikaweka na kofia juu yake.

"Nani hanijui?" Kibwana alikuwa anapiga kelele, kifua mbele, sauti yangu tupu. "Machungwa yote ya nchi hii ni yangu! Nimeshuka na ndege sasa hivi, sogeeni nisiwakanyage!" Uwanja mzima unacheka. Na mimi nilicheka, kidogo.

Kisha mshenga akasimama. "Huyu mtoto ni wa nani?" Mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu Kibwana aliacha mzaha. Akasimama, akamtazama Mwanahawa, akasema polepole, "Ni wangu. Nawapa mkamtunze."

Hapo hakucheka mtu. Na alisema vizuri. Mimi ningeongeza mambo ya malori.

Mwanahawa akapiga goti mbele yake, machozi yanamtoka. "Asante, mjomba."

Simu ikachukuliwa na Zuhura, uso wake ukajaa kwenye kioo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma. "Kaka, mjomba tumempata. Wewe endelea kuogelea." Ikakatika.

Nilikaa na kanzu yangu mpaka jua likazama. Bahari ile ni nzuri, sikatai.

Siku zilizobaki nilifanya kila kitu, maana nimelipia. Nilipanda meli ya watalii iliyotengenezwa kama ya maharamia, wazungu wanaruka majini na wake zao. Nilikwenda hamamu, nikasuguliwa juu ya jiwe la moto mpaka uchafu wa utoto wangu ukatoka. Nilipanda kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya mpaka mlimani nikashika theluji, nikageuka kumwambia mtu kwamba inachoma. Nina picha nyingi, zote nimejipiga mwenyewe, uso wangu umejaa na nchi inaonekana sikioni.

Alhamisi iliyofuata, Kinole. Sikupita nyumbani. Nilipanda na begi langu la zawadi. Mwanahawa alikuwa ameshakwenda Mbeya kwa mumewe. Mzee Kibwana nilimkuta kwa Zuhura, anakunywa chai, kofia ipo kichwani.

"Mtani, nimekuja kuchukua kofia."

"Kofia gani? Hii ya mjomba?" Akamgeukia dada yangu. "Zuhura, unamjua huyu Mturuki?"

"Mkaribishe tu mihogo," Zuhura akasema.

Nikaomba, nikatania, nikatoa zawadi. Kibwana akatikisa kichwa. Desturi ni kwamba kofia ile haitoki kwa mtani. Itatolewa na mtoto mwenyewe siku atakayokuja kuwasalimia kwao, aivue kichwani mwa mtani, amvike anayemwona ndiye mjomba wake.

Kwa hiyo, mnaotaka kwenda pwani ya Uturuki, nendeni. Ni nchi safi, watu wakarimu. Ila msiwaokotee machungwa. Na kabla ya kulipia, ulizeni nyumbani ni nani anawasubiri, siku gani.

Kibwana huja sokoni na kofia ile kila Jumamosi, watu wanamwamkia, "Shikamoo mjomba," naye anaitikia marahaba huku ananitazama. Mwanahawa amesema atakuja mvua zikiisha, tarehe bado. Sijamwambia kitu, nimesema tu nitakuwapo. Wakala alinipigia juzi kuhusu safari nyingine. Nikamwambia kwa sasa sitoki, hata stendi ya Msamvu sifiki.